Grese gani inalinda rotuli za motokari ya zamani na kutu?

Kwenye barabara za Fizi na Shabunda, Land Cruiser za zamani zingali zinabeba watu na mizigo. Chini yake kuna rotuli za usukani na pini za resori, viungo vya chuma vinavyopigwa na maji na matope kila siku.

Kutu ikiingia ndani ya rotuli, chuma kinalika na kiungo kinaanza kucheza. Mwisho wake rotuli inatoka mahali pake, na shofere anabaki anazungusha usukani, magurudumu hayamufuate. Kwenye mteremko, hapo ni maisha ya watu.

Wengi wanachagua grese kwa rangi. Lakini rangi haisemi kitu, kila kiwanda kinatia yake. Cha kusoma kwenye bidoni ni aina ya sabuni inayoshika mafuta:

- Lithiamu: inavumilia moto, na maji kwa kadiri. Ile ya namba 2, yenye herufi EP, inafaa viungo vingi.
- Kalsiamu: maji hayaiondoi kwa urahisi, ila ile ya kawaida haivumilie moto mwingi. Ni nzuri kwa pini za resori, si kwa ruluma za magurudumu.
- Sodiamu: maji yanaiyeyusha. Iachwe.

Grese nyeusi yenye molibdeni inasaidia pale mzigo ni mzito, lakini si molibdeni ndiyo inazuia maji. Ni lazima kuangalia sabuni yake pia.

Kuchanganya aina mbili ni hatari: grese inaweza kulegea na kutiririka yote. Ukibadilisha aina, toa kwanza ya zamani.

Na mafuta machafu ya motere? Hayafai. Yanadondoka haraka, yana asidi inayokula chuma, na yanaharibu mpira. Hata grese ya kawaida isipakwe kwenye silambloki za mpira, juu inaweza kuzivimbisha.

Kisha kuvuka mto, pampu grese mpya mpaka ile chafu itoke. Ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameshaingia. Pale rotuli imefunikwa na mpira, simama mpira ukianza kuvimba. Na kama huo mpira umepasuka, ubadilishwe kwanza: hakuna grese itakayokaa humo.