Ruta ya Mtumba, Mtandao wa Uhakika

Geto letu tuko wanne na intaneti tunachangia. Muhula uliopita nilikuwa nawasilisha pendekezo la utafiti mtandaoni, huku jamaa mmoja anashusha muvi. Sauti ikakata. Msimamizi akasema nirudie baada ya wiki mbili. Tulilaumu kampuni ya mtandao, kumbe ruta yetu ndiyo ilikuwa inapanga data zote kwenye foleni moja ndefu.

Bahati boom lilikuwa limetoka, nikaenda Kariakoo kutafuta ruta ya mtumba. Wadau, msidanganyike na wingi wa antena. Geuza ruta, soma kibandiko: jina la modeli na toleo, maana v1 na v2 zinaweza kutofautiana kabisa ndani. Kisha angalia kama imo kwenye orodha ya OpenWrt, programu huria iliyoanza 2004, baada ya msimbo wa Linksys WRT54G kuwekwa wazi. Ikiwa na hifadhi chini ya MB 16 au RAM chini ya MB 128, achana nayo.

Shusha faili la modeli na toleo lako hasa. Unganisha kwa kebo, si kwa Wi-Fi. Hakikisha LUKU ina uniti. Umeme ukikatika katikati, ruta inaweza kufa.

Mwisho niliweka SQM, nikaipangia asilimia 90 hivi ya kasi tunayopata. Sasa foleni inagawanywa kwa haki. Siku ya kurudia, muvi ilishuka na mimi niliwasilisha hadi mwisho.