Gazi: Mlango Umekwenda, Mikoko Imesalia

Mara ngapi, ndugu msomaji, umevuka Likoni, ukapanda matatu ya Lunga Lunga, ukaipita Diani, na kabla ya kufika Msambweni ukamsikia utingo akiita "Gazi!" nawe usinyanyue hata kichwa? Mimi nimefanya hivyo miaka na miaka. Juzi nikasema, leo nashuka.

Njia ya kuteremkia baharini hupita kati ya minazi na miembe. Mji ni mdogo, wenyewe Wadigo, na jina lake ni kubwa kuliko nyumba zake. Hapa ndipo palipokuwa makao ya Sheikh Mbaruk bin Rashid Mazrui, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895, hata mwaka 1896 akakimbilia upande wa Wadachi. Nyumba yake iliwahi kuwa skuli. Lakini mlango wake wa nakshi usiutafute Gazi; ulipelekwa Ngome ya Yesu, Mombasa, nami nimeingia ngomeni mara nyingi bila ya kuuliza ulikotoka.

Kwa huzuni hiyo nikateremka hadi kwenye mikoko. Kina mama wa Gazi wamejenga daraja la mbao lipitalo katikati ya miti, na mmoja wao akanitembeza.

"Huu waitwaje, mzee wangu?" akaniuliza.

"Mkoko," nikajibu.

Akacheka. "Huo ni mchu."

Nami ndiye mtunga mashairi ya pwani! Basi akanisomesha kama mtoto wa chuoni: mkoko ndio wenye mizizi iliyotanda kama miguu ya kaa, mchu husimamisha mizizi yake matopeni kama kalamu, mlilana hukaa mbele kupokea mawimbi, mkandaa ni wa boriti, mkomafi huzaa tunda kubwa la mviringo.

Miaka ya 1970 miti hii ilikatwa mno iwe kuni za tanuri za chokaa na matofali. Baadaye wanakijiji na wataalamu wa bahari wakapanda upya. Tangu 2013, kwa mradi wa Mikoko Pamoja, watu wa Gazi na jirani zao wa Makongeni hulinda hekta 117, wakalipwa na watu wa ng'ambo kwa hewa ya ukaa ambayo miti na tope lake huizuia isipae angani. Fedha hizo zimeleta maji ya mfereji na vitabu vya skuli.

Mlango ulihifadhiwa na wengine, nasi twautazama kwa tikiti. Mikoko imehifadhiwa na wenyewe, pale pale ilipoota, nayo yawanywesha maji. Ukipita Gazi, shuka. Na ukiulizwa jina la mti, usijibu haraka kama mimi.