Mrushaji wa Mwisho

Huku kwetu Mbagala, ukisema unacheza besiboli watu hudhani ni kriketi. Nikieleza kwamba mimi huingia uwanjani mchezo ukikaribia kuisha, wananipa pole, wakidhani niko benchi kwa kukosa kiwango. Si hivyo. Mrushaji wa mwisho hutunzwa makusudi.

Mchezo una awamu tisa. Mrushaji anayeanza akifika ya tano au ya sita, mkono umechoka na wapigaji wameshamsoma. Hapo ndipo kocha anapoanza kutuita sisi warushaji wa akiba. Ni kama deiwaka anayepewa usukani daladala ikiwa imejaa na foleni imeshika: wapinzani wawili wako kwenye besi, wala si mimi niliyewaruhusu kufika pale. Mpigaji yuko mita 18.44 mbele yangu. Mpira mmoja mbaya, ushindi wa wenzangu wa mchana kutwa unapotea.

Besiboli ilianza kufundishwa Sekondari ya Azania mwaka 2012, kwa juhudi za Mjapani Shinya Tomonari, na uwanja wa pale ukafunguliwa 2018. Lakini kazi hii nimeisoma kwa Mariano Rivera wa Panama. Baba yake alikuwa mvuvi wa dagaa. Yeye mwenyewe alifanya kazi katika boti ya uvuvi, na utotoni glovu yake ilikuwa boksi la maziwa. Aliichezea New York Yankees kuanzia 1995 hadi 2013, akaokoa mechi 652. Kuokoa, kwa kawaida, ni kuingia timu yako ikiongoza kwa alama zisizozidi tatu, ukamaliza mchezo bila uongozi kupotea. Silaha yake kubwa ilikuwa mpira wa aina moja, unaokata pembeni dakika ya mwisho kabisa. Wapigaji waliujua, na bado ukawashinda.

Ninachokiheshimu zaidi ni mwaka 2001. Fainali, mchezo wa saba, awamu ya tisa, Yankees wanaongoza, mpira mkononi mwa Rivera. Arizona wakashinda. Msimu uliofuata alirudi kwenye kazi ileile, na mwaka 2009 akatwaa ubingwa wake wa tano. Roho ya namna hiyo haifundishwi kwa filimbi.

Wengi hawapati utulivu wa timu moja kama yeye. Tayler Scott, mzaliwa wa Johannesburg, mwaka 2019 alikuwa mrushaji wa kwanza aliyezaliwa Afrika kufika ligi kuu ya Marekani, akiwa Seattle. Baadaye alikwenda Hiroshima, Japani, akarudi, na mwaka 2023 peke yake akavaa jezi za timu tatu. Mrushaji wa akiba huishi na begi limefungwa. Akipigwa vibaya wiki mbili, nafasi yake inapewa mwingine.

Hata hivyo mlango umesogea karibu nasi. Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers waliwasajili Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male. Serunkuma alisajiliwa kama mrushaji.