Mkono Uliozoea Kupiga

Sironga, huko Nyamira katika nchi ya Wagusii, chai na migomba imeshika mteremko mzima mpaka bondeni, na maboma ya watu yamekaribiana mno. Kwa mtu wa pwani kama mimi ni mahali pa baridi na utulivu, wala hapafanani na mahali pa kwendea kuuliza habari za watu wakali. Lakini ndizo nilizoziendea, maana nchi hii aliichunguza Mmarekani Robert LeVine, na wasomi wa jinai wangali wakiutaja uchunguzi wake.

Aliutoa mwaka 1959. Alipitia kesi za mwaka 1955 na 1956, akakuta kwamba katika kila watu 100,000 wa Gusii, walishtakiwa kiasi cha 47 kwa mwaka kwa makosa ya kubaka na yanayokaribiana nayo. Katika miji ya Marekani wakati ule hawakufika 14. Wakoloni walikuwa na jawabu lao tayari. Daktari Carothers, aliyepata kuisimamia hospitali ya Mathari, Nairobi, aliandika mwaka 1953 kitabu kizima juu ya akili ya Mwafrika, kana kwamba ni akili ya namna nyingine. LeVine hakushika njia hiyo. Alitazama mahari, iliyopanda mpaka vijana wengi wakashindwa kuoa. Akatazama uhasama wa koo zile zile zilizokuwa zikioana, na jinsi serikali ilivyokomesha vita vya koo, ambavyo zamani vilimtia kijana hofu ya kumgusa binti wa watu, isiweke kizuizi kingine chenye nguvu kama hicho.

Maelezo mazuri, ila yananibakishia swali. Mahari iliwabana vijana wote, na wengi hawakumdhuru mtu. Na katika waliokosa, yupo aliyekosa mara moja akatahayari, na yupo aliyetoka jela akarudia. Huyu wa pili ndiye nimtafutaye.

Mwaka 1972 Marvin Wolfgang na wenzake walitoa habari za wavulana karibu 10,000 wa Philadelphia, waliozaliwa mwaka 1945. Wavulana 627 tu, yaani sita katika kila mia, ndio waliofanya zaidi ya nusu ya makosa yote. Naye Terrie Moffitt, mwaka 1993, akatenga walio wakorofi kwa ujana tu, ukapita nao, na wachache walioanza utotoni: wepesi wa hasira, wazito wa kujizuia, wakalelewa katika nyumba ya kipigo au ya kutojaliwa. Mtoto wa namna hii akitazamwa usoni huona dharau hata isipokuwapo. Akipiga, hupata alichotaka, na watu humpisha njia. Kesho atapiga tena, kwa kuwa jana ilimfaa.

Mzee mmoja wa Sironga, omogaka kama wasemavyo wenyewe, alinieleza yote kwa maneno mawili: damu mbaya. Sisi pwani tungesema ana shetani. Yote mawili siyapendi, kwani yanamwondolea mtu dhima yake, na sisi yetu. Kabla ya siku ya jela kulikuwa na siku nyingine: binti alilia, wazee wakakaa, mbuzi akatolewa, jambo likafunikwa aibu isitoke nje. Stara hiyo hata pwani twaijua sana. Kwa aliyetenda, mbuzi yule ni somo: amekwisha kujua bei.

Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 haiwaachii jamaa uamuzi wa kuifuta kesi. Kifungu cha 39 kinairuhusu mahakama kumtangaza aliyehukumiwa zaidi ya mara moja kuwa mhalifu wa hatari, na kumwekea uangalizi wa muda mrefu.

Labda msomaji ataniuliza: na mtu mzima aliyekwisha kuzoea, je, hubadilika? Huko Monrovia, Liberia, vijana 999 wa wizi na visu waliingizwa katika jaribio lililochapishwa mwaka 2017. Baadhi yao walifundishwa kwa wiki nane kuizuia hasira, kujisafi, kwenda sokoni na kuzungumza na watu kwa upole. Wengine wakapewa dola 200 tu, wengine vyote viwili, wengine wasipewe kitu. Miaka kumi baadaye, waliopata mafunzo pamoja na fedha walikuwa wamepunguza uhalifu kwa karibu nusu. Katika waliowafundisha walikuwamo waliopigana vita vya nchi hiyo wenyewe.