Mwenge wa Uhuru na mfuko wa mfanyabiashara Kagera

Siku Mwenge wa Uhuru unapopita Bukoba au Muleba, soko hubadilika tangu alfajiri. Mama lishe, waendesha bodaboda na wenye nyumba za kulala wageni huchekelea. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi huuza kidogo, kwa kuwa wateja wake wako barabarani. Mwenye lori la ndizi naye hupanga safari upya, maana mkungu uliokwisha kukatwa hausubiri hotuba.

Mwenge uliwashwa juu ya Mlima Kilimanjaro usiku wa Uhuru, Desemba 1961, na mbio zake zilianza 1964. Leo ni shughuli kubwa. Mwaka 2024 zilianzia Moshi Aprili 2 na kumalizikia Mwanza Oktoba 14, baada ya kupita katika halmashauri 195. Ni siku 195 kamili, yaani wastani wa halmashauri moja kwa siku. Mkoa wa Kagera una halmashauri 8, hivyo kwa hesabu hiyo huupokea Mwenge kwa takriban siku 8. Mwaka 2022 Bukoba ilibeba mzigo zaidi, kwani kilele cha mbio kilifanyika huko, katika Uwanja wa Kaitaba.

Gharama ya kwanza ni mafuta. Tuchukue mfano wa msafara wa magari 20, kila moja likitembea kilometa 100 kwa siku na kula lita moja kwa kila kilometa 8. Hizo ni lita 250 kwa siku. Lita moja ya dizeli hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ya ukaa, hivyo msafara huo utatoa kilo 675 kwa siku, na kwa siku 195 zaidi ya tani 130. Kaulimbiu ya mwaka 2024 ilihimiza kutunza mazingira. Mfanyabiashara yeyote anajua kwamba tangazo lisilolingana na bidhaa huharibu jina la duka.

Gharama ya pili inaihusu Kagera zaidi. Ni desturi ya mkoa huu kukata migomba na kuisimamisha kando ya barabara kupokea maharusi na wageni wakubwa. Lakini tangu 2006 mkoa umekuwa ukipambana na ugonjwa wa mnyauko wa migomba, ambao wakulima huuita unyanjano, na Muleba ni miongoni mwa wilaya zilizoumia. Ugonjwa huo huenezwa na panga lililokata mgomba mgonjwa kisha likakata mzima bila kusafishwa. Dawa ya kuuponya mgomba ulioambukizwa hakuna; hung'olewa. Kwa hiyo pambo la saa mbili linaweza kumgharimu mkulima shamba, na soko likakosa ndizi kwa misimu kadhaa.

Gharama ya tatu ni michango. Malalamiko ya wafanyabiashara wadogo kuhusu kuombwa fedha za Mwenge ni ya miaka mingi na yamesikika katika mikoa mingi. Kwa kampuni kubwa mchango ni sehemu ya matangazo. Kwa muuza dagaa wa Muleba ni sehemu ya mtaji, wakati riba ya mkopo na kodi ya pango haziahirishwi kwa sababu ya sherehe. Mchango usio na risiti, tena, hauwezi kuingia katika vitabu vya hesabu.

Hata hivyo, haki itendeke. Mbio hizi huzindua shule, zahanati na miradi ya maji, na mara kadhaa viongozi wake wamekataa kuzindua miradi iliyojengwa chini ya kiwango. Huo ni ukaguzi wenye faida. Swali la kibiashara ni kama ukaguzi huo unahitaji msafara mrefu na mkesha wa usiku kucha, au ungeweza kufanywa kwa bei nafuu.

Ushahidi kwamba ratiba inaweza kuguswa upo. Machi 2020 Rais John Magufuli alisitisha mbio kwa sababu ya korona na kuagiza fedha zake zipelekwe Wizara ya Afya. Nje ya nchi, mwenge wa Olimpiki wa Beijing ulizungushwa kilometa 137,000 mwaka 2008. Mwaka uliofuata Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliamua kwamba mbio hizo zisizungushwe tena dunia nzima. Heshima ya mwenge huo haikupungua.

Kwa Kagera, hatua za kuanzia si ghali. Kila halmashauri ingebandika hadharani mapato na matumizi ya siku ya Mwenge, mchango ukawa wa hiari na wenye risiti, magari yakapunguzwa, na migomba ikaachwa shambani. Wafanyabiashara nao wangejua tarehe mapema ili wapange mizigo yao.

Mwenge ni alama ya taifa, na wengi wa Bukoba na Muleba wangependa kuendelea kuuona ukipita. Lakini hesabu ya faida na hasara haijawahi kuwa uadui. Anayelipa ana haki ya kuonyeshwa bili.