Ukanushi katika Vitenzi-jina na Vielezi

6.1 Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili hujifunza mapema kugeuza anasoma kuwa hasomi, alisoma kuwa hakusoma, na atasoma kuwa hatasoma. Ugumu huanza pale sentensi moja inapobeba kitenzi kikuu, kitenzi-jina na kielezi kwa pamoja. Hapo swali si tena umbo la kikanushi, bali ni sehemu gani ya sentensi iliyokanushwa. Sehemu hiyo inayoguswa na kikanushi tutaiita upeo wa ukanushi.

Linganisha maagizo haya mawili ya karatasi ya mtihani:

(1) a. Watahiniwa hawaruhusiwi kujibu swali la tano.
    b. Watahiniwa wanaruhusiwa kutojibu swali la tano.

Sentensi zote mbili ni sahihi kisarufi, na maneno yake yanakaribia kuwa yale yale. Hata hivyo, sentensi ya (1a) inakataza, ilhali ya (1b) inatoa hiari. Mtunga mtihani akiandika moja akiwa amekusudia nyingine, mtahiniwa ndiye atakayelipa kwa alama zake. Katika sura hii tutaonyesha kwamba mahali pa kikanushi ni sehemu ya maana, na kwamba mwalimu hana budi kumfundisha mwanafunzi kupachagua.

6.2 Umbo la kitenzi-jina kanushi

Kitenzi-jina hukanushwa kwa kiambishi -to- kinachopachikwa baada ya ku-: kusoma huwa kutosoma, kumwona huwa kutomwona. Wanasarufi wengi hukihusisha kiambishi hiki na kitenzi kutoa, kwa maana ya kuondoa. Sambamba na umbo hilo kuna umbo refu linalorudia ku-: kutokusoma, kutokumwona. Maumbo yote mawili hutumika katika maandishi, ila ni vyema mwandishi ashikamane na moja ndani ya matini moja. Vitenzi vya silabi moja huhitaji umbo refu: kutokula, kutokuja, kutokunywa. Mwanafunzi akiandika kutola au kutoja, asahihishwe.

Wanafunzi wetu hawaanzi kutoka patupu, kwani lugha zao zina ukanushi wa namna hii. Katika Kiganda, okusoma hukanushwa kwa obutasoma. Kiambishi cha mwanzo chenyewe hubadilika. Katika Kinyarwanda, kubona huwa kutabona, na gukora huwa kudakora. Msemaji wa Kinyarwanda ataona mara moja kwamba -to- ya Kiswahili hukaa mahali pale pale palipo na -ta- au -da- ya kwao. Msemaji wa Kiganda atahitaji kukumbushwa kwamba katika Kiswahili ku- habanduki mahali pake, na kwa hiyo upatanisho haubadiliki:

(2) a. Kujibu kwake kulitushangaza.
    b. Kutojibu kwake kulitushangaza.
    c. Kutojibu kwake hakukutushangaza.

Sentensi ya (2c) ina vikanushi viwili, lakini havifutani. Kimoja kinakanusha kujibu, na kingine kinakanusha kushangaza. Hakujibu, nasi hatukushangaa.

6.3 Kitenzi kikuu au kitenzi-jina?

Kitenzi kikuu kinapofuatwa na kitenzi-jina, kikanushi kinaweza kukaa kwenye kimojawapo:

(3) a. Hakuamua kuondoka.
    b. Aliamua kutoondoka.

(4) a. Hakuahidi kusema.
    b. Aliahidi kutosema.

Katika (3a) hakuna uamuzi uliofanyika. Huenda bado anafikiri. Katika (3b) uamuzi umekwisha kufanyika, nao ni wa kubaki. Vivyo hivyo, msemwa wa (4a) hakutoa ahadi yoyote, ila yule wa (4b) ametoa ahadi ya kunyamaza, na akisema atakuwa ameivunja. Vitenzi kama kuamua, kuahidi, kuruhusu, kukubali na kujaribu vyote vina tabia hii. Kauli za ulazima nazo ziko hivyo: si lazima kuingia ni hiari, ilhali ni lazima kutoingia ni katazo.

Kuna kundi jingine la vitenzi ambalo tofauti hiyo hufifia. Anayesema sitaki kwenda kwa kawaida hueleweka kwamba anataka kutokwenda, na anayesema sidhani atakuja hueleweka kwamba anadhani hatakuja. Vitenzi vya kutaka na kudhani huruhusu ukanushi uliowekwa juu yake uteremkie kwenye tendo linalofuata. Mwanafunzi aliyezoea kundi hili huweza kudhani kwamba vitenzi vyote viko hivyo, akaandika hakuahidi kusema alipokusudia aliahidi kutosema. Ndiyo maana tunashauri makundi haya mawili yafundishwe kwa pamoja, ili tofauti yake ionekane.

6.4 Kielezi ndani na nje ya upeo

Vielezi vya namna, sababu na idadi ndivyo huleta utata mkubwa zaidi. Katika Kiswahili, kielezi cha aina hii kwa kawaida hufuata kitenzi, na kikiwa hapo huweza kuwa ndani ya upeo wa ukanushi au nje yake:

(5) Mwanafunzi hakujibu kwa makusudi.

Tukijiuliza kama mwanafunzi alijibu au hakujibu, tutapata majibu mawili. Huenda alinyamaza, tena kwa kukusudia. Au huenda alijibu, ila jibu lilimponyoka bila kukusudia. Sentensi hii ikiandikwa katika taarifa ya nidhamu, msomaji wa kwanza atamwona mwanafunzi kuwa mkaidi, na wa pili atamwona kuwa hana hatia.

Ili kuubaini utata wa namna hii, tunapendekeza jaribio la bali. Endeleza sentensi kwa bali, kisha utazame ni sehemu gani inayosahihishwa. Hakujibu kwa makusudi, bali kwa kuteleza ulimi: hapa kinachokanushwa ni kwa makusudi, na kujibu kulikuwapo. Ikiwa mwendelezo huo haupatani na maana iliyokusudiwa, basi kielezi kiko nje ya upeo, na sentensi inafaa kuundwa upya:

(6) a. Mwanafunzi alikusudia kutojibu.
    b. Mwanafunzi alijibu, lakini si kwa makusudi.

Katika (6b), kikanushi si kimewekwa mbele ya kielezi chenyewe, na utata umetoweka. Hii ndiyo njia nyepesi kuliko zote ya kukanusha kielezi peke yake: kiache kitenzi katika hali ya uyakinishi, kisha ukanushe kielezi kwa si.

Kitenzi-jina kanushi nacho hupatwa na utata huo huo:

(7) Daktari alimshauri kutomeza vidonge hivyo kila siku.

Je, mgonjwa ameze siku moja na kuacha siku nyingine, au asimeze kabisa, siku zote? Umbo la sentensi halimwambii. Mwandishi mwangalifu ataandika alimshauri kumeza vidonge hivyo, lakini si kila siku. Au ataandika alimshauri kutomeza vidonge hivyo hata siku moja. Hali kadhalika, kutohudhuria masomo mara kwa mara kunaweza kusomwa kama kukosa mara nyingi au kama kuhudhuria mara chache. Katika barua kwa mzazi, kukosa masomo mara kwa mara husema wazi jambo lile lile bila kuhitaji kikanushi.

Vielezi vinavyoeleza mtazamo wa msemaji, kama vile labda, huenda, bila shaka na kwa bahati mbaya, hukaa nje ya upeo. Labda hakuja humaanisha kwamba kuna uwezekano wa kutokuja kwake. Ukanushi hauifikii labda.

6.5 Vielezi vinavyofungamana na ukanushi

Kamwe, katu, asilani na hata kidogo huambatana na kitenzi kanushi na kukitia nguvu: sitakubali kamwe. Tena hubadili maana: alikuja tena ni marudio, lakini haji tena ni ukomo. Bado, katika bado anasoma, huonyesha kuendelea kwa tendo. Na katika bado hajasoma, huonyesha kwamba tendo lingali linangojewa.

6.6 Bila na kabla

Bila hubeba ukanushi ndani yake. Aliondoka bila kuaga maana yake ni kwamba hakuaga. Mwanafunzi anayeandika aliondoka bila kutoaga amekanusha mara mbili, na kwa kuifuata sarufi, amesema kwamba mtu huyo aliaga. Kosa hili hutokana na hisia kwamba tendo ambalo halikufanyika lazima livae alama ya ukanushi. Aelezwe kwamba alama ipo tayari, nayo ni bila. Ukanushi wa pili ukiwekwa kwenye kitenzi kikuu, maana huwa nyingine na sentensi hubaki sahihi: haondoki bila kuaga, yaani kila aondokapo huaga.

Kabla huenda kinyume chake. Tunaweza kusema tuliondoka kabla ya kufika kwake, kwa kitenzi-jina yakinishi, au tuliondoka kabla hajafika, kwa umbo kanushi lenye -ja-. Umbo hajafika hapa halisemi kwamba mtu huyo hakufika siku ile. Linasema kwamba wakati wa kuondoka kwetu, kufika kwake kulikuwa hakujatimia. Kwa sababu hiyo hatusemi kabla hakufika wala kabla hatafika, hata kama tukio ni la wakati uliopita au ujao.

6.7 Muhtasari

Kabla ya kusahihisha sentensi kanushi, mwalimu ajiulize maswali matatu. Kikanushi kiko kwenye kitenzi kikuu, kitenzi-jina au kielezi? Je, tendo lenyewe lilifanyika? Je, msomaji mwingine anaweza kujibu swali hilo la pili kwa namna tofauti? Jibu la swali la tatu likiwa ndiyo, sentensi haijakamilika kazi yake, hata kama kila kiambishi kiko mahali pake.

Zoezi

1. Eleza tofauti ya maana: (a) Hakukubali kusaini. (b) Alikubali kutosaini.
2. Tumia jaribio la bali kuonyesha maana mbili za sentensi: Hakuacha kazi kwa sababu ya mshahara. Kisha andika sentensi mbili zisizo na utata.
3. Sahihisha: (a) Aliingia bila kutobisha hodi. (b) Tulikula kabla hakuja. (c) Kutola kwake asubuhi kulimdhoofisha.
4. Tunga kanuni tano za shule zenye ukanushi. Mpe mwenzako azisome, na umwombe aeleze katika kila moja ni jambo gani linalokatazwa na lipi lililoachwa kuwa hiari.