Kusawazisha Pikapu: Usawa wa Nani?

Neno 'kusawazisha' lina sifa njema katika lugha yetu. Mhasibu husifiwa kwa kusawazisha hesabu, na timu iliyotanguliwa kwa bao hushangiliwa inaposawazisha. Ndiyo maana fundi anapomwambia mwenye pikapu kwamba gari lake limeinama mbele na linahitaji kusawazishwa, mwenye gari hupata taabu kukataa. Nani apendaye kuonekana akiendesha gari lisilo sawa?

Swali hili limeletwa kwangu na mpwa wangu, mwalimu wa shule ya upili, ambaye amenunua pikapu iliyotumika kwa mkopo wa ushirika wa walimu. Alfajiri gari hilo hupeleka maziwa kwenye kituo cha kupozea, na mwisho wa wiki hubeba saruji, nyasi za ng'ombe na viti vya matanga. Gereji moja imemshauri ainue upande wa mbele kwa inchi 2 ili ulingane na wa nyuma. "Mjomba, wewe waonaje?" akaniuliza. Mimi ni mtu wa isimu, si makanika. Hata hivyo, nimekuwa na pikapu kwa miaka mingi, na jibu nililompa huenda likawafaa walimu wengine walio katika njia panda hiyo hiyo.

Tuanze na kazi yenyewe. Katika pikapu nyingi za siku hizi, fundi huingiza kipande cha chuma au cha plastiki ngumu juu ya springi ya kila gurudumu la mbele, na pua ya gari ikapanda. Zipo pia pikapu za zamani zenye fito za chuma zinazojipinda badala ya springi. Hizo hukazwa tu kwa spana. Kazi si kubwa, na gari hutoka gerejini likiwa na umbo la kupendeza. Vijana wetu vyuoni huliita umbo hilo la kibabe.

Lakini kwa nini kiwanda kiliuacha mkia juu? Je, wahandisi wa Japani hawana pimamaji? Sivyo hata kidogo. Pikapu huundwa ikingojea mzigo. Gunia la kwanza linapotua nyuma, springi zile za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine huanza kushuka, na gari linapojaa huwa limekaribia kulala sambamba na barabara. Katika taaluma yangu tunawafundisha wanafunzi kwamba neno lililong'olewa katika muktadha wake hupotosha. Pikapu tupu, iliyoegeshwa gerejini, ni neno la namna hiyo. Anayeisawazisha ikiwa tupu anaiharibia usawa wake siku ya kazi.

Madhara yake ni yapi? Tufanye hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili anaiweza. Umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma katika Toyota Hilux ya siku hizi ni takriban mita 3.1. Inchi 2 ni sentimita 5. Ukiinua mbele kwa kiasi hicho, mwelekeo wa taa hupanda kwa sentimita 1.6 hivi katika kila mita. Taa zilizopunguzwa kwa kawaida huelekezwa chini kwa takriban sentimita 1 kwa mita. Basi mwanga uliokuwa ukiteremka sasa unapanda! Taa iliyo sentimita 85 kutoka ardhini, ambayo kwa umbali wa mita 50 ilimulika sentimita 35 juu ya lami, sasa itafika karibu sentimita 120. Hapo ndipo yalipo macho ya dereva wa gari dogo anayekuja upande wa pili.

Ni kweli kwamba taa zaweza kushushwa kwa skrubu, na fundi mwadilifu hatasahau. Hata hivyo, skrubu haiwezi kuyarudishia magurudumu ya mbele uzito yanaoupoteza mkia unapozama. Usukani huwa mwepesi, na dereva mfupi haoni vizuri kilicho mbele ya boneti, awe mbuzi au mtoto wa shule.

Wenzetu wa Marekani wamekwisha kuliona jambo hili. Huko ulizuka mtindo uitwao Carolina Squat, wa kuinua pua ya gari na kuuacha mkia chini. Mwaka 2021 jimbo la North Carolina lilipitisha sheria ya kuyapiga marufuku magari ambayo madigadi yake ya mbele yamezidi ya nyuma kwa inchi 4 au zaidi kutokana na marekebisho hayo. Virginia ilifuata mwaka 2022, na South Carolina mwaka 2023. Pikapu iliyosawazishwa ikiwa tupu, kisha ikapakiwa saruji, yaweza kukaribia umbo lilo hilo. Je, tugharimie wenyewe kile ambacho wengine wanakikataza?

Kuna na gharama ya pole pole. Shafti zinazoyazungusha magurudumu ya mbele hufanya kazi zikiwa zimepinda zaidi, mipira inayohifadhi grisi hupasuka mapema, na magurudumu yasiponyooshwa upya, tairi huliwa upande mmoja.

Sisemi kwamba kila anayeinua pua ya gari amepotoka. Aliyefunga bampa nzito ya chuma na winchi ameishusha pua kwa uzito huo, na ana haki ya kuirudisha ilipokuwa, ikiwezekana kwa springi imara zaidi badala ya vipande vya kuchomekea. Vivyo hivyo kwa anayepita kwenye mabonde ya mawe akiwa hana mzigo. Hawa wana sababu. Ila wajue kwamba ncha ya mkono wa chini inayoshika gurudumu haipandi kwa dawa hii. Hiyo huinuliwa na tairi kubwa.

Mpwa wangu hana winchi wala bampa. Ana maziwa, saruji na mkopo. Nilimwambia apakie mzigo wake wa kawaida, aegeshe mahali tambarare, kisha apime kwa utepe kutoka katikati ya kila gurudumu hadi kwenye madigadi, mbele na nyuma. Akikuta mkia umezama kupita pua, aende kwa fundi wa springi za nyuma. Akikuta vimelingana, pikapu yake imesawazishwa tangu kiwandani, na fedha zile azitumie kununua tairi na breki.